Kipimo cha Mgongo

Koboko, 9 Septemba 1973

Kaka yangu Zéphyrin,

Halafu lile shauri la rangi ya tandiko tuliloliacha katikati siku ile, dereva alipoanza kupiga honi, nimeshalimaliza: iwe nyekundu. Nyekundu ya tunda la kahawa lililoiva, na misumari ya shaba pembeni.

Lakini salamu kwanza, maana Mama atauliza kama ndoa imenisahaulisha adabu. Mimi ni mzima, na kama mtu anaweza kuwa zaidi ya mzima basi mimi ndivyo nilivyo. Hii ni wiki ya sita tangu harusi na bado kila nikisikia gari la Abiriga likikata kona naacha sufuria jikoni na kukimbia mlangoni. Ananiita Mwalimu kwa sababu nilimaliza kidato cha nne. Mbele ya askari wake anasema, "Huyu bibi yangu iko na kichwa kuliko nyinyi wote." Je, mguu wa Mama umepoa? Wifi Thérèse anaendeleaje na mimba?

Sasa sikiliza. Yule farasi aliyeniahidi siku ile amefika. Farasi wa kweli, mweupe, alitoka Kampala kwenye zizi la Mhindi mmoja aliyeondoka mwaka jana. Anaitwa Amri. Akipita barabarani wenye maduka wanaacha mizani wazi na kutoka kumtazama. Abiriga amekwisha kuwaambia wakubwa wake kwamba siku ya sherehe ya mapinduzi, tarehe 25 Januari, bibi yake atapita uwanjani amepanda, mbele ya watu wote. Na akishasema hivyo kwa wakubwa, harudi nyuma.

Shida ni tandiko. Lililokuja naye ni la mtu mkubwa. Linanigonga tumboni mbele, nyuma linaniacha nateleza, na Amri mwenyewe akifungwa ukanda analaza masikio na kutaka kuuma. Nikasema, kaka yangu alishona matandiko kwa Wabelgiji kule Ituri, kwa nini tuhangaike?

Anayemtunza Amri ni mzee mmoja, Loku, wa Sudan. Zamani alitunza farasi wa polisi kule Juba. Wenzake wamerudi kwao tangu vita viishe, yeye amebaki kwa ajili ya farasi. Siku ya kwanza nilishindwa kupanda. Abiriga akamwambia apige magoti, mikono chini, nikamkanyaga mgongoni nikapanda. Nilijiona kama malkia wa kwenye kitabu cha historia.

Dada yako mwenye furaha,
Elise


Arua, 20 Septemba 1973

Mdogo wangu Elise,

Salamu zako zimefika. Mguu wa Mama umepoa kidogo, ila anaulalamikia zaidi wageni wanapokuwapo. Thérèse anakula udongo wa kichuguu na kunifokea mimi. Tuko salama.

Tandiko nitashona. Ila wewe umeanza na rangi, na rangi ndiyo ya mwisho. Tandiko huanzia mgongoni mwa mnyama. Likimuumiza yeye, hata likupendeze vipi, atakuangusha au atakufa nalo. Kwa hiyo fanya hivi.

Tafuta waya mnene wa umeme, uuvue ngozi yake, ubaki shaba tupu. Amri asimame mahali tambarare, ametulia, asiwe anakula. Ukunje waya juu ya mgongo wake mara tatu: nyuma ya mfupa wa bega, katikati, na kwenye ubavu wa mwisho. Kila mara uutoe taratibu usijipinde, uulaze juu ya gazeti na ufuate umbo lake kwa kalamu. Halafu pima kwa uzi kutoka mstari wa kwanza hadi wa tatu. Tandiko lote lazima likae ndani ya urefu huo, lisivuke ubavu wa mwisho. Uti wa mgongo usiguswe na kitu. Chini ya tandiko kuwe na mfereji, mtu aliye nyuma aone mwanga wa mbele. Na pale mbele, kati ya mbao za tandiko na mfupa, vidole vitatu vipite ukiwa umekaa juu.

Kwako wewe: keti juu ya gunia la mchanga mbichi, uinuke, upime kati ya yale mashimo mawili. Hiyo ni mifupa yako ya kukalia. Kisha uzi kutoka nyongani mpaka gotini.

Lile tandiko la zamani lisimguse tena. Tazama mgongoni kama kuna nywele nyeupe zisizo za rangi yake au uvimbe wa moto.

Na badala ya huyo Loku tafuteni kigoda cha kupandia. Mtu aliyetunza farasi maisha yake yote ndiye anayepaswa kukufundisha, si kukanyagwa.

Kaka yako,
Zéphyrin


Koboko, 14 Oktoba 1973

Kaka mpendwa,

Mvua imekata barabara mara mbili, ndiyo maana nimechelewa. Natumai Mama halii. Mwambie nakula, nanenepa, na kwamba Abiriga alinisukia mkeka kwa mikono yake, mbovu kabisa, nao ndio ninaoupenda kuliko vyote nyumbani.

Mistari mitatu iko ndani ya bahasha. Loku alimshika Amri, mimi nikakunja waya. Alinisifu kwamba mkono wangu ni mwepesi. Vipimo vyangu viko nyuma ya gazeti. Jikoni walicheka sana kuniona nimeketi juu ya gunia.

Ila kuna jambo. Jumapili, baada ya kupima, Abiriga alipata wageni akataka kuwaonyesha mwendo wa Amri mpaka Oraba na kurudi. Nilimwambia ulivyosema juu ya tandiko lile. Akanibusu mkono mbele yao, akasema fundi wa Arua hapandi farasi. Walirudi saa tisa, na lilipofunguliwa, ngozi ilitoka nalo. Uvimbe kama embe, juu ya uti kabisa.

Abiriga alimwita Loku. Akamwambia, "Wewe iko fundi ya farasi, na farasi iko na kidonda. Leo utajua tandiko inauma namna gani." Askari wakampigisha magoti, wakamfunga tandiko mgongoni, ukanda wakaukaza tumboni. Kisha Abiriga akanipa mkono, kwa heshima, kama vile tunakwenda kucheza dansi, akaniongoza mpaka pale. Nilisita kidogo, kwa aibu tu. Nikakaa. Tukazunguka ua mara mbili. Wageni walicheka mpaka wakafuta macho, na mmoja akampa majani. Mimi pia nilicheka. Ungemwona Abiriga alivyonitazama ungecheka.

Asubuhi yake Loku alikuwa zizini kama kawaida, anaosha kidonda cha Amri kwa maji ya chumvi.

Usimwambie Mama.

Elise wako


Arua, 2 Novemba 1973

Elise,

Mama hajambo. Thérèse hajambo. Nilimsomea barua yako, akaingia jikoni, na hatujaizungumza tena.

Baba alikuwa na umri wa Loku askari walipombebesha masanduku ya risasi kutoka Bunia. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulimwona walivyomrudisha. Nilidhani sitahitaji kukukumbusha.

Kuhusu farasi: asifungwe chochote mpaka ngozi na nywele zirudi, hata ikiwa miezi miwili. Loku aendelee na maji ya chumvi. Mistari uliyotuma ni mizuri, mnyama mwenye afya, mgongo mpana, bega la kushoto limejaa kuliko la kulia. Lakini baada ya kidonda mgongo hubadilika. Kikipona, nipimie upya ndipo nikate ngozi.

Zéphyrin


Koboko, 30 Novemba 1973

Kaka yangu,

Natumai ninyi nyote ni wazima kama sisi tulivyo. Barua yako ilifika imefunguliwa. Sasa Abiriga mwenyewe ndiye anayechukua barua posta na kupeleka zangu, anasema hataki mikono ya karani ishike maneno ya bibi yake. Anapenda kukusoma. Anasema unaandika kama padri. Ile habari ya Baba aliisoma mezani, kwa sauti, kulikuwa na watu.

Amenunulia nyumba mapazia ya manjano. Jua likiingia asubuhi chumba chote kinakuwa kama ndani ya ua la alizeti, naye amelala hapo, na mimi namtazama tu.

Vipimo vipya ndivyo hivi. Kama ulivyosema, mgongo umebadilika. Umepungua. Tandiko liwe dogo sana na jepesi, lisiwe na mbao kabisa, na chini uweke pamba nyingi. Ukanda wa tumboni uwe mfupi, nimeweka uzi. Vikuku vya kuwekea miguu pia viwe vifupi, ili miguu yangu isiburure.

Rangi ibaki nyekundu. Abiriga anasema fanya haraka.

Elise


Arua, 11 Desemba 1973

Mdogo wangu,

Barua hii sikuitia posta. Nimempa Natalina, yule anayeuza vitenge Koboko siku za soko. Isome hapohapo, uichome. Mama anaumwa kifua lakini anatembea. Thérèse amejifungua mtoto wa kike, tumempa jina la Mama, Léontine. Ungekuwa hapa ungefurahi.

Nimeweka gazeti la Oktoba na gazeti la Novemba mezani, moja juu ya jingine. Mgongo wa farasi una kigongo katikati; ukikonda, kigongo kinazidi kuchomoza. Hapa katikati kuna bonde. Pembeni, kwenye mstari wa kwanza, kuna mifupa miwili imesimama kama mabawa ya kuku aliyechunwa. Toka mstari wa kwanza hadi wa tatu, uzi wako wa Oktoba ulikuwa urefu wa mkono wangu mzima. Huu wa sasa haufiki kiwiko.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane, Elise. Nimepima farasi, nyumbu na punda. Huyu si mnyama.

Sitalishona. Niambie farasi yuko wapi, na niambie kama unataka kuja nyumbani.

Zéphyrin


Koboko, 22 Desemba 1973

Kaka,

Natalina ananingoja nyuma ya bucha, kwa hiyo salamu utanisamehe. Mbusu Léontine mdogo.

Amri alikufa tarehe tatu Novemba. Ugonjwa wa mbung'o. Kidonda kilikuwa kinapona, Loku alikuwa anakula na kulala zizini, lakini homa ilimshika Amri na hakula tena. Alisimama siku mbili ameegemea ukuta, kisha akaanguka. Abiriga hakumwambia mtu. Wakubwa wake wameshaalikwa. Kesho yake akaniambia kwamba bibi yake atapita uwanjani amepanda, Januari, kama alivyosema, na watu wataona kwamba Kapteni Abiriga hakosi mnyama.

Loku hawezi kuondoka. Wamemwambia akikataa atapelekwa mpakani kama jasusi, na tunajua waliopelekwa walifika wapi.

Nilimpima mimi mwenyewe. Nilikunja waya mgongoni mwake kama ulivyonifundisha, taratibu, mara tatu. Akaniambia, "Mama, weka vizuri. Ukikosea, mimi ndiye itaniuma."

Unasema hutashona. Sawa, mikono yako itakuwa safi. Lakini kila Jumamosi tunafanya mazoezi kwa lile la zamani, lenye mbao na chuma, na mimi juu yake. Hatua mia, kisha mia na hamsini. Vidonda vyake havipati siku ya kufunga. Usiposhona, ndilo hilo hadi Januari. Yeye ndiye aliyeniomba niandike habari ya pamba.

Usiniulize kama nataka kuja nyumbani. Jana Abiriga alipiga magoti akanifunga kamba za viatu, akainua uso akacheka, na kaka, moyo wangu uliruka vilevile kama siku ya kwanza. Sijui nifanye nini na moyo wa namna hii.

Elise


Arua, 12 Januari 1974

Mdogo wangu Elise, na shemeji Kapteni,

Tunawasalimu. Mama anaendelea vizuri na mtoto anaongezeka.

Dereva aliyetumwa amelichukua tandiko leo asubuhi. Ni jekundu kama mlivyoagiza. Halina mbao wala chuma. Chini nimeweka sufi, juu yake blanketi la pamba, na ngozi ya ndama nimeilainisha kwa mafuta siku tisa. Mfereji wa katikati ni mpana, hakuna kitakachogusa uti. Ukanda usikazwe zaidi ya vidole viwili kupita. Anayepanda asikae katikati ya mgongo, akae nyuma, juu ya nyonga, ambako kuna mfupa wa kubeba. Asijitikise. Mnyama apumzike kila hatua ishirini, na magotini afungwe matambara mazito.

Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Alama yangu sikuiweka.

Zéphyrin


Koboko, 6 Februari 1974

Kaka yangu mpendwa Zéphyrin,

Amani iwe kwenu, kwa Mama, kwa wifi, na kwa Léontine mdogo ambaye nasikia ana paji la uso la Baba. Sisi ni wazima. Natalina sijamwona, wanasema amezuiwa kwenye kizuizi na vitenge vyake vimechukuliwa, kwa hiyo hii inakuja kwa posta, kwa mkono wa Abiriga.

Sherehe ilikuwa nzuri kupita nilivyoota. Nilivaa gauni jeupe. Uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya lori la tumbaku. Nilipotokea watu walinyamaza kwanza, kisha wakubwa wa jukwaani wakaanza kucheka na kupiga makofi, ndipo watu nao wakapiga. Hatua mia mbili, nikiwa nyuma juu ya nyonga kama ulivyoelekeza. Loku hakuanguka. Tulipofungua tandiko ngozi yake ilikuwa nzima, haina hata alama, na Abiriga akawaita wote waje waone. Alipitisha kiganja pale mgongoni, akasema huo ndio ufundi. Jina lako lilitajwa jukwaani, kaka.

Loku sasa hatambai tena. Magoti yamevimba maji, na tangu Jumanne hajaamka mkekani. Nampelekea uji. Jana aliniuliza aliyelishona ni nani kwangu. Nikamwambia ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akasema, "Mwambie asante," kisha akageukia ukuta.

Wakubwa wamelipenda tandiko. Mmoja, mtu mzito, anataka lake kwa ajili ya sherehe nyingine huko kwao, na Abiriga naye anataka la kupandia yeye mwenyewe. Lakini kwa uzito kama huo mgongo lazima uwe mpana, wenye nguvu. Walikuwa wanabishana juu ya hilo wakati wa chakula, wanatajana majina na kucheka. Ndipo Abiriga akasema, "Huyu fundi mwenyewe iko na mgongo. Nilimwona siku ya harusi. Yeye atajipima, atashona, atavaa. Hataweza kulalamika kwamba haitoshi." Walicheka sana. Mimi niliwamiminia chai, nikacheka nao. Abiriga alinivuta nikae pajani kwake, akasema ndugu zangu wote watapata kazi mwaka huu.

Nakuandikia leo, mapema, ili muwe na nafasi ya kujiandaa. Nimesikia mjomba Basile wa Aru anaumwa. Ni aibu mtu kuugua ng'ambo ya mpaka hapo karibu na watu wake wasiende. Ningekuwa mimi ningekwenda wiki hii, na Mama, na Thérèse, na mtoto, nikakaa huko mpaka mgonjwa apone kabisa, hata ikichukua miaka. Nenda na sindano zako na nyuzi na ile meza ndogo. Huko nako watu wana viatu vya kushonwa. Nyumba ya Arua msihangaike nayo, nyumba haina njaa.

Mimi usinifikirie. Nina mapazia yangu ya manjano, nina mume anayenipenda kuliko gari lake. Mwambie Mama kwamba binti yake amenenepa.

Sasa Abiriga ameingia, ameweka kiganja chake begani kwangu na anasoma ninavyoandika. Anasema mjomba mgonjwa ni jambo jema kuangaliwa, ila aangaliwe baadaye. Anasema nikusalimu sana, shemeji yake. Anasema niandike kwamba msiende popote, maana tutakuja Arua sisi wawili, na askari wachache wa kutusindikiza, kabla mwezi huu haujaisha.

Elise